Kutoka Shimoni hadi Bandani: Jinsi Sungura Alivyochaguliwa

Sungura wote wanaofugwa duniani, kuanzia Flemish Giant anayezidi kilo sita hadi kibete wa Uholanzi mwenye uzito wa kilo moja tu na kidogo, wametokana na spishi moja, Oryctolagus cuniculus, ambayo asili yake ni rasi ya Iberia na kusini mwa Ufaransa. Sungura wa porini wa Afrika Mashariki, yule anayesifiwa kwa ujanja katika ngano, ni wa jenasi nyingine, Lepus. Huyo hachimbi shimo, huishi peke yake nyikani, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho yaliyokwisha kufumbuka. Wa Iberia huishi kwa makundi chini ya ardhi. Vitoto vyake huzaliwa vipofu na bila manyoya, ndani ya kiota ambacho mama hukitandika kwa manyoya anayojinyofoa kifuani. Mnyama aliyezoea kubanana na wenzake gizani na kulea wanawe mahali pamoja ni rahisi zaidi kuzuiwa kuliko yule anayetegemea mbio, na hapo ndipo historia ya ufugaji wake inapoanzia.

Kumzuia mnyama, hata hivyo, si kumfuga. Warumi walimzuia mapema sana. Varro, aliyeandika kitabu chake cha kilimo mwaka 37 K.K., alieleza viwanja vilivyozungushiwa ukuta, vilivyoitwa leporaria, ambamo sungura wa Hispania waliwekwa pamoja na jamaa zao wa jenasi ya Lepus ili wanenepe kabla ya kuchinjwa. Watu wa visiwa vya Baleari waliona upande wa pili wa mnyama huyo: Strabo na Plinio wanasimulia jinsi sungura walivyoteketeza mazao visiwani humo hadi wakazi wakaomba msaada wa Roma, na jinsi fereti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche, alivyotumiwa kuwafukuza mashimoni. Katika hayo yote sungura alibaki wa mwituni. Alivuliwa kama samaki wa bwawani, wala hakuna aliyeamua dume gani apande jike gani.

Kwa miaka mingi vitabu vilidai kwamba mabadiliko yalikuja ghafla karibu mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alipotangaza kuwa vitoto vichanga vya sungura si nyama na vinaweza kuliwa wakati wa Kwaresima. Watawa wa Ufaransa wakaanza kufuga mara moja. Simulizi hilo ni tamu, lakini halina msingi. Watafiti walioufuatilia ushahidi huo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018 waligundua kuwa Papa Gregori alichanganywa na Askofu Gregori wa Tours, ambaye hakutoa ruhusa yoyote. Alitaja tu mtu mmoja aliyekula vitoto vya sungura siku za Kwaresima. Ni vyema kulizika dai hilo, kwa kuwa linaficha jambo la maana zaidi: sungura hakufugwa kwa amri ya siku moja. Alisogezwa karibu na binadamu polepole, kwa karne nyingi, na hatua kadhaa kati ya hizo zilipigwa na watu wasiokusudia kumbadilisha.

Uingereza inaonyesha mwendo huo vizuri. Wanormani ndio walioeneza sungura huko, na kufikia karne ya 12 walikuwa wamewekwa katika visiwa vidogo kama Lundy na Scilly, ambako bahari ilifanya kazi ya ua. Baadaye mabwana wa nchi na nyumba za watawa walitenga ardhi ya sungura bara, kwa kibali cha mfalme. Hali ya hewa ya baridi na unyevunyevu iliwaua wengi, hivyo watu waliwajengea vichuguu virefu vya udongo laini ili wapate mahali pakavu pa kuchimba. Vichuguu hivyo vingali vinaonekana Dartmoor na kwingineko. Sungura alikuwa mali ya anasa, ghali kuliko kuku, na nyama na ngozi yake zilikwenda kwenye karamu na mavazi ya wakubwa. Mlinzi wa shamba la sungura alikuwa na kazi ya hatari kwa sababu wezi walikuja usiku na silaha. Nyumba ya mlinzi iliyojengwa karibu mwaka 1400 huko Thetford ina kuta nene za mawe kama ngome. Lakini sungura aliyelindwa kwa gharama yote hiyo bado alijichagulia mwenzi mwenyewe chini ya ardhi.

Kilichobadilisha mambo ni kizimba. Sungura alipoingizwa katika sanduku la mbao, kila jike na chumba chake, kupandana kukawa mkononi mwa mfugaji. Rangi ambazo porini zingemvutia mwewe zikapata nafasi ya kuishi: mchoro wa Titian wa karibu mwaka 1530, uliopo makumbusho ya Louvre, unamwonyesha Bikira Maria akiwa na sungura mweupe pepe. Mwaka 1614 Mwingereza Gervase Markham alichapisha mwongozo wa ufugaji ambao mfugaji wa leo angeutambua papo hapo. Anaeleza sanduku lenye sehemu mbili, moja kubwa yenye dirisha la waya la kupatia chakula na mwanga, nyingine ndogo yenye giza ya kulala na kuzalia. Mpango huo umedumu kwa sababu unaiga shimo. Jike akikosa pembe ya giza, huzaa kwa hofu, na vitoto hukanyagwa au kuachwa.

Katika kuchagua mbegu, Markham hakuhangaika na umbo. Dume lilipaswa kuwa kubwa, basi. Kilichobaki ni ngozi. Ngozi bora kwake ilikuwa ile yenye nywele nyeusi na nyeupe zilizochanganyika sawasawa, nyeusi zikizidi kidogo, na aliithamini mara nyingi kuliko ngozi ya kawaida. Soko la manyoya lilikuwa limeanza kuamua sungura awe wa namna gani.

Karne ya 18 Ufaransa ilikuwa na Angora wa sufi ndefu, na karne ya 19 miji ya Uingereza ikaleta mfugaji wa aina mpya: fundi au kibarua aliyefuga nyuma ya nyumba kwa ajili ya mashindano. Sungura wa kwanza kuchongwa na mashindano hayo ni English Lop, ambaye masikio yake huburuzika chini. Waamuzi walipima urefu wa masikio, kwa hiyo wafugaji walichagua masikio peke yake, na kwa kuwa joto huyarefusha, wengine walipasha mabanda moto. Mnyama aliyetokea alikuwa hasikii vizuri na alikanyaga masikio yake mwenyewe. Hapo uchaguzi ulikuwa umepoteza njia.

Charles Darwin aliwapima sungura hao kwa makini. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea inayofugwa, alilinganisha mifupa yao na ya wale wa mwituni akaona kuwa fuvu la sungura wa kufugwa halikukua sawia na mwili, hivyo ubongo ulipungua kwa kadiri ya ukubwa wake. Sayansi ya karne hii imemuunga mkono na kwenda mbele. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hakuna jeni moja la upole; ni mabadiliko madogo madogo mengi, hasa katika jeni zinazohusika na ukuaji wa ubongo na neva. Mwaka 2018 ikaonekana kuwa amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, ni ndogo zaidi kwa sungura wa kufugwa.

Australia ilitoa ushahidi huohuo, kwamba sungura wa kufugwa si yule wa mwituni tena, kwa njia ya maafa. Sungura walifikishwa huko tangu 1788, wengi wao wa kufugwa, na kwa miaka sabini hawakuenea bara. Kisha mwaka 1859 Thomas Austin akaletewa sungura 24 kutoka Uingereza katika shamba lake la Barwon Park, Victoria, baadhi yao wakiwa na damu ya mwituni. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kuwa ni uzao wa hao uliovamia sehemu kubwa ya bara.

Mkasa unaostahili kukumbukwa na kila anayenunua mbegu ulitokea Marekani. Belgian Hare, ambaye licha ya jina na miguu yake mirefu ni Oryctolagus, si Lepus, alifika huko mwaka 1888. Kati ya 1898 na 1901 ulizuka wazimu wa kumfuga, kitovu chake kikiwa Los Angeles. Madume yenye ukoo unaojulikana yaliagizwa kutoka Uingereza kwa bei za kushangaza, na jike mwenye mimba alinunuliwa kwa matumaini kwamba kila mtoto atauzwa kama mama yake. Tatizo lilikuwa moja: karibu kila mnunuzi alikuwa mfugaji mwingine. Nyama ya Belgian Hare mwembamba haikuwa na soko la kulipa bei hizo. Wafugaji wapya walipoisha, bei ikaanguka, na watu waliobaki na mabanda yaliyojaa hawakuwa na wa kumuuzia. Mtindo huo wa biashara ungali unarudi katika nchi nyingi, kila mara kwa jina jipya, na kila mara huwaumiza waliochelewa kuingia.

Baada ya hapo wafugaji wa California waliuliza swali tofauti: sungura gani anakua haraka na kuleta nyama nyingi kwa chakula kidogo? Jibu lao lilikuwa New Zealand White, ambaye ni Mmarekani licha ya jina, na baadaye Californian, ambaye George West alianza kumtengeneza mwaka 1923 kwa kuchanganya Himalayan, Chinchilla na hatimaye New Zealand White. Ufaransa iliendelea na ngozi: Chinchilla ilionyeshwa mwaka 1913, na mwaka 1919 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Sarthe walizaliwa sungura wenye manyoya mafupi kama mahameli, ambao padri Gillet aliwaendeleza wakawa aina ya Rex. Kibete wa Uholanzi alitokana na jeni ambalo nakala moja hudumaza mwili. Kitoto kinachorithi nakala mbili hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Sura ya kitoto inayowavutia wanaonunua sungura wa kukaa naye nyumbani hulipiwa kwa vifo hivyo.

Magonjwa yaliamua mengine. Miksomatosi, iliyotambuliwa Montevideo mwaka 1896, iliachiliwa Australia mwaka 1950 ili kupunguza sungura wa mwituni. Mwaka 1952 daktari Armand-Delille akaiachilia shambani kwake Ufaransa, ikawafikia hata wale wa mabandani. Mwaka 1984 ugonjwa mwingine, wa kuvuja damu, ulizuka China, na kufuga bila chanjo kukawa bahati nasibu katika nchi nyingi.

Aina zilizotengenezwa California, Flanders na Ufaransa ndizo zilizofika Afrika Mashariki. Nchini Kenya, New Zealand White, Californian, Chinchilla na Flemish Giant ni majina ya kawaida kwa wafugaji, na kituo cha serikali cha Ngong kimekuwa chanzo cha mbegu. Wanyama hao walichaguliwa kwa ajili ya nchi za baridi. Sungura hatoi jasho. Hupunguza joto kwa masikio na kwa kuhema, na dume anayekaa siku nyingi katika joto la zaidi ya nyuzi 30 mbegu zake hudhoofika, hata jike akipandishwa asishike mimba. Nyanda za juu hazina shida hiyo. Pwani na maeneo mengine ya chini, banda huhitaji paa la makuti au nyasi badala ya bati tupu, upepo wa kupita, na upandishaji ufanywe alfajiri au jioni, jike akipelekwa kwa dume na si dume kwa jike, kwa sababu jike hulinda chumba chake na humshambulia mgeni.