Umeme wa mito ya Rwenzori (Kasese)

Umeme wa mito ya Rwenzori hufuliwa kwa maji yanayoteremka kutoka milima yenye barafu wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Kilele kirefu zaidi, Margherita, kina mita 5,109. Mji wa Kasese uko chini ya mita 1,000. Anguko hilo kubwa ndilo mtaji wa mitambo.

Barafu na maji

Zamani barafu ilishuka hadi karibu mita 2,000, ikachimba mabonde yenye kuta wima, ikaacha matuta ya mawe na maziwa kama Mahoma. Mwaka 1906, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi nchini Italia, alipochora ramani ya milima hii, barafu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Leo haifiki hata 1. Wengi huhofu kwamba ikiisha, mashine zitasimama. Hofu hiyo haina msingi mkubwa: vipimo vya mto Mubuku vimeonyesha kuwa barafu huchangia chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini. Yaliyobaki ni mvua, inayohifadhiwa na misitu na vinamasi vya juu, kisha kuachiliwa polepole hata wakati wa kiangazi.

Mubuku

Mtambo wa kwanza, Mubuku I (megawati 5), ulijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Mubuku II, uitwao pia Bugoye (megawati 13), ulianza kazi mwaka 2009 kwa mtaji wa Norwei. Mubuku III ni wa kampuni ya kobalti ya Kasese. Hakuna bwawa kubwa: ukuta mfupi hukinga mto, wavu huzuia magogo na majani, maji hutulia kwenye birika ili mchanga uzame, ndipo yapite mferejini na kuporomoka ndani ya bomba la chuma hadi kwenye mashine. Kazi ya birika hilo ni ya lazima, kwa kuwa mchanga wa mwamba mgumu hula pala za mashine.

Mito mingine

Mitambo ya mito ya Nyamwamba (megawati 9.2) na Lubilia (megawati 5.4) ilianza kazi mwaka 2018. Lubilia uko upande wa Bwera, kwenye mto unaopakana na Kongo. Mto Nyamugasani una mitambo miwili.

Mafuriko

Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika kwa ukatili, ukasukuma mawe makubwa, ukavunja nyumba na madaraja na kuingia Hospitali ya Kilembe. Misitu huhifadhi mvua, lakini Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa mwaka 1991, hulinda ile ya juu tu. Chini ya mpaka wake mashamba yamefika ukingoni mwa mito, na udongo wa mashamba hayo huishia katika mabirika ya mitambo.