Daftari la Mlangoni: Namna Sheria za Kuwatendea Wafungwa kwa Utu Zilivyowekwa



Katika nyingi ya nyumba zetu limo jina la mzee mmoja ambaye watoto huambiwa tu kuwa "hakuwapo" kwa miaka fulani. Hakusafiri wala hakuhama. Alifungwa. Mazungumzo hukatwa hapo, chai ikaletwa, na mtoto akakua asijue lolote. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wazee hao. Alichukuliwa usiku, akakaa ndani miezi kumi na minne pasipo kusomewa shtaka, na aliporudi, jambo alilokuwa akilirejea kila mara halikuwa fimbo wala uji wa maji. Alikuwa akisema, "Hawakuniandika." Bibi yetu, mama yake, alikuwa akienda mlangoni na kikapu cha chakula, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo humu. Naye mjomba yumo ndani, anaisikia adhana ile ile anayoisikia mama yake nje.

Kamati iliponiomba niandike habari ya historia kwa kitabu cha mwaka huu, nilichagua habari hii: ilikuwaje wanadamu wakakubaliana kwamba serikali nayo ina mipaka juu ya mtu iliyemfungia mlango, na kwamba mipaka hiyo iandikwe iwe sheria ya nchi nzima, isiachiwe hisani ya bwana jela. Sehemu kubwa ya habari hii ilitokea hapa Uingereza tunapoishi, kwa hiyo si vibaya tukaijua.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Maneno yote mawili tunayotumia yalikuja kwa meli. "Jela" ni la Kiingereza. "Gereza", kama wasemavyo wataalamu wengi, latokana na neno la Kireno la kanisa, kwani Wareno walikuwa wakijenga kanisa ndani ya ngome, na watu wakaiita ngome yote kwa jina hilo. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, ilitumika kuwafungia watu katika karne ya 19. Ngome ya Yesu ya Mombasa nayo ilikuwa jela ya serikali ya Kiingereza tangu 1895 mpaka 1958. Wengi wetu tumepiga picha mbele ya kuta zile bila kukumbuka hayo.

Sherifu aliyekwenda kutazama

Mwaka 1773 bwana mmoja mwenye mashamba, jina lake John Howard, alifanywa Sherifu Mkuu wa jimbo la Bedfordshire. Cheo hicho kilikuwa cha heshima, na jela ilikuwa chini yake kwa jina tu. Waliomtangulia hawakuwa na desturi ya kuingia humo. Yeye aliingia.

Alichokikuta ni hiki. Bwana jela hakuwa na mshahara. Alikula kwa ada alizowatoza wafungwa wenyewe: ada ya kuingia, ya kitanda, ya kufunguliwa minyororo, na ya kutoka. Kwa hiyo mtu aliweza kusimama mbele ya baraza, akaonekana hana hatia, kisha akarudishwa jela akae miezi, kwa sababu hana fedha ya kumlipa aliyemfunga. Howard akawaendea wakubwa wa jimbo akawaomba wampe bwana jela mshahara ili ada zikomeshwe. Wakamwuliza kama lipo jimbo jingine lifanyalo hivyo. Akapanda farasi akaenda kulitafuta katika majimbo ya jirani. Hakuliona, bali aliona dhuluma ile ile kila alipofika.

Ndipo ikawa kazi ya maisha yake. Alipima vyumba, akaandika uzito wa mkate, akauliza maji yanatoka wapi na wagonjwa wanalala wapi. Ameeleza mwenyewe kwamba katika safari zake za mwanzo nguo zake zilikuwa zikinuka jela hata hakuweza kukaa ndani ya gari na madirisha yamefungwa, na karatasi za daftari lake ilibidi azianike mbele ya moto kabla ya kuzitumia.

Mwaka 1774 aliitwa mbele ya Bunge, na mwaka huo huo zikapitishwa sheria mbili. Ya kwanza iliamuru kuwa aliyeonekana hana hatia aachiwe pale pale barazani bila kutozwa kitu. Ya pili ilihusu afya: kuta zikwanguliwe na kupakwa chokaa kila mwaka, hewa ipite, wagonjwa wawe na vyumba vyao, na daktari awepo. Hiyo ya pili haikutokana na huruma peke yake. Homa ya jela, ambayo sasa twajua huenezwa na chawa, haikuwa ikibagua. Mwaka 1750 ilitoka na wafungwa wa Newgate ikaingia katika mahakama ya Old Bailey, ikamwua Meya wa London pamoja na majaji na watu wengine wengi. Wakubwa walifahamu kuwa uchafu wa mfungwa huweza kuwafikia hata wao.

Howard alizichapisha sheria hizo kwa fedha zake akawapelekea mabwana jela. Kisha, mwaka 1777, akatoa kitabu chake kikubwa juu ya hali ya jela za Uingereza na Wales. Alifariki Januari 1790 huko Kherson, kusini mwa Urusi ya wakati huo, kwa homa, akiwa bado safarini kukagua hospitali na jela.

Sheria bila mkaguzi

Kuandika sheria ni jambo moja, kufuatwa ni jingine. Elizabeth Fry alipoingia jela ya Newgate mwaka 1813, karibu miaka 40 baada ya sheria zile, alikuta wanawake na watoto wamerundikana, wengine hawana hata nguo za kutosha. Mwaka 1817 yeye na wenzake wakaunda chama, wakafungua skuli ndani ya jela na kuwapa wanawake kazi ya kushona. Mwaka 1823 Bunge likapitisha sheria kubwa zaidi: bwana jela apate mshahara, daktari na padri wawazuru wafungwa, na wanawake walindwe na wanawake wenzao. Lakini sheria hiyo haikugusa jela zote, wala haikuweka mtu wa kwenda kutazama kama inafuatwa. Wakaguzi wa serikali walikuja mwaka 1835. Na ilikuwa mpaka tarehe 1 Aprili 1878, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, ndipo jela zote zikatolewa mikononi mwa miji na majimbo zikawa chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Tangu Howard apande farasi wake ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja.

Hapa pana fundisho ambalo tusilipite mbio. Kanuni kuwa moja kwa nchi nzima si sawa na kanuni kuwa ya utu. Baada ya 1878 jela za Uingereza zilikuwa safi, zenye mpango, na katili. Mfungwa alilala juu ya ubao mtupu, akakatazwa kusema na mwenzake, na akapandishwa juu ya gurudumu lenye vidato, akawa anapanda ngazi isiyofika popote kwa masaa mengi ya siku. Mwandishi Oscar Wilde alifungwa miaka miwili, 1895 mpaka 1897. Alipotoka, barua yake ya kwanza kwa gazeti la Daily Chronicle haikuwa juu ya mateso yake. Ilikuwa juu ya askari jela mmoja aliyefukuzwa kazi kwa kosa la kumpa biskuti mtoto mdogo mfungwa aliyekuwa akilia njaa. Askari yule alivunja kanuni kwa sababu ya utu. Basi kosa lilikuwa katika kanuni.

Mwaka 1895 kamati ya serikali ilitoa ripoti ikasema kuwa jela haitoshi kumtisha mtu, yapasa pia imtengeneze. Sheria ya 1898 ikafuata, na kazi zile zisizo na faida zikaondolewa. Kifungo cha kazi ngumu kilifutwa mwaka 1948.

Je, kipimo kinavuka bahari?

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana nchini Kenya, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kwa kuwa walikataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Ukweli ulipotoka, jambo hilo lilifika katika Bunge la London usiku wa tarehe 27 Julai. Mbunge mmoja wa chama kilichokuwa kikitawala, Enoch Powell, alisimama akasema kuwa Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani kwake na kingine Afrika. Bila shaka wenzetu wa hapa watashangaa kulisikia jina hilo kwa wema, kwani ndiye yule yule aliyehutubia mwaka 1968 dhidi ya wahamiaji kama sisi, na wazee wetu waliokuwapo wanakumbuka baridi ya mwaka ule. Lakini historia haituruhusu kuficha neno la haki kwa sababu ya aliyelisema.

Wala serikali haikuweza kusema kuwa haikujua kipimo. Agosti 1955, mjini Geneva, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulikwisha kupitisha Kanuni za Kiwango cha Chini za Kuwatendea Wafungwa, zikaidhinishwa na Baraza la Uchumi na Jamii mwaka 1957, miaka miwili kasoro kabla ya Hola. Kanuni hizo zimekataza adhabu ya viboko na ya kufungiwa katika chumba cha giza. Zimetaka chakula cha kutosha, daktari, kitanda, na saa moja ya kutoka nje kila siku kwa asiyefanya kazi ya nje.

Nilipozisoma mara ya kwanza, nilisimama kwenye kanuni ya saba. Yasema kuwa kila mahali wanapofungwa watu liwepo daftari lililojalidiwa, lenye kurasa zilizotiwa namba, liandikwe humo mtu huyu ni nani, amefungwa kwa sababu gani na kwa amri ya nani, na siku na saa aliyoingia na aliyotoka. Mtu asipokelewe bila ya amri halali iliyokwisha kuandikwa humo. Namba za kurasa zina maana yake: ukurasa ukichanwa, utajulikana. Na mbele zaidi, kanuni ya 44 yampa mfungwa haki ya kuijulisha jamaa yake mara moja kuwa amefungwa au amehamishwa. Nikafahamu kuwa alichokililia mjomba kilikuwa haki iliyokwisha kuandikwa, na bibi yetu pale mlangoni na kikapu chake alikuwa na haki ya kujibiwa.

Kanuni hizo zilitengenezwa upya, na tarehe 17 Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazipitisha kwa jina la Kanuni za Nelson Mandela. Sasa ni 122. Mojawapo yakataza mtu kutengwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Jina hilo lilistahili. Mzee Mandela alikaa kifungoni miaka 27, na huko kisiwa cha Robben mwanzoni aliruhusiwa kupata barua moja na mgeni mmoja kila miezi sita. Namba yake ilikuwa 466 wa mwaka 1964. Hata watesi wake walimwandika.

Tusidhani kuwa kazi imekwisha. Kanuni hizo si mkataba, na kila nchi huzitia katika sheria zake kwa kadiri ya nia yake. Hapa Uingereza, mwaka 1990, wafungwa wa Strangeways mjini Manchester walikaa juu ya paa kwa siku 25, na sababu mojawapo ilikuwa ndoo walizojisaidia humo vyumbani mwao. Desturi ya ndoo ilikomeshwa katika jela za Uingereza na Wales mwaka 1996. Kenya ilianza kuwapa wafungwa magodoro na nguo bora mwaka 2003, wakati Moody Awori alipokuwa waziri. Katiba yake ya 2010, ibara ya 51, yaliamuru Bunge litunge sheria ya kuwatendea wafungwa kwa utu, na sheria hiyo ikatoka mwaka 2014.

Kwa hiyo ukiifuata habari hii tangu Bedfordshire, utaona mambo matatu yakifuatana: kwanza mtu aingie atazame, kisha iandikwe sheria, kisha awekwe mkaguzi asiyemwogopa bwana jela. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayana nguvu.

Nasi tuna sehemu yetu, ingawa ni ndogo. Naiomba kamati itenge ukurasa katika kitabu cha mwaka ujao, na kila jamaa ilete, kwa ridhaa ya wenyewe, jina la mzee wake aliyefungwa, na siku aliyochukuliwa na siku aliyorudi, au kama hakurudi. Pasiwe na lawama wala siasa, majina na tarehe tu. Mjomba alipofariki tulikuta katika msahafu wake, ukurasa wa mwisho usio na maandishi, tarehe mbili alizoziandika kwa kalamu ya risasi. Hakuna jingine. Nitaanza na hizo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape faraja waliomo ndani leo, popote walipo. Wabillahi taufiki.