Malaria ikipanda kichwani, jicho linaonyesha: historia ya picha za retina

Wiki hii zamu ya historia ni yetu, na tumechagua jambo ambalo mwanzoni litaonekana liko mbali na sisi. Vumilieni kidogo, litafika nyumbani.

Kila mtu aliyekulia kambini anayajua maneno haya: malaria imempanda kichwani. Mtoto anashinda na homa, usiku mwili unakakamaa, anaanza kutetemeka, macho yanageuka juu mpaka unaona weupe tu. Tanzania hali hiyo ina jina lake, degedege, na wazee wengine watakuambia ni ndege mbaya amepita juu ya nyumba.

Katika kambi moja tuliyopitia kabla ya kufika huku Malawi, mtoto wa jirani yetu alishikwa hivyo. Damu ikapimwa, vimelea vya malaria vikaonekana, akatundikiwa dripu ya kwinini. Siku ya tatu akafariki. Mama yake aliuliza swali moja tu: kama ni malaria, na dawa ya malaria amepewa, mbona amekufa? Hakuna aliyemjibu. Hatusemi waliomtibu walifanya vibaya, walifanya kile ambacho wangefanya wengi. Lakini swali lile tulihama nalo. Kumbe watu walikuwa wanalitafutia jibu hapa hapa Malawi, Blantyre, na jibu lilikuwa nyuma ya jicho.

Kwanza tuelewane kuhusu jicho lenyewe. Ukimtazama mwenzako, katikati ya jicho kuna kitobo cheusi, mboni. Kwa nini ni cheusi wakati ndani kumejaa damu nyekundu? Kwa sababu mwanga unaoingia hapo hurudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Ili uuone ukirudi, ungelazimika kuweka kichwa chako mahali taa ilipo, na kichwa kikikaa hapo kinaziba taa. Basi watu waliishi maelfu ya miaka wakitazamana machoni bila kuona ndani. Mwishoni mwa 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz, akiwa mwalimu wa chuo huko Königsberg (leo ni Kaliningrad, upande wa Urusi), alipata ujanja: taa iwe pembeni, na mbele ya jicho kuwe na vipande vya kioo chembamba vilivyolazwa mshazari. Kioo kinarusha mwanga ndani, na mtazamaji anachungulia kupitia kioo hicho hicho. Mwaka 1851 akakitangaza kifaa chake, oftalmoskopu.

Alichokiona ni retina, utando mwembamba ulioko nyuma kabisa ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Hapo ndipo mahali ambapo daktari anaweza kuona mishipa midogo ya damu ikiwa wazi, bila kukata ngozi. Halafu kuna jambo lingine ambalo tunaomba mlishike, tutalihitaji mbele: retina ni kipande cha ubongo. Mtoto anapoumbwa tumboni, kipande hicho husogea mbele kutoka kwenye ubongo na kuwa sehemu ya jicho. Mishipa yake inafanana na mishipa ya ubongo. Ni kama dirisha.

Kuona ni jambo moja, kuhifadhi ulichokiona ni jambo lingine. Kwa miaka mingi madaktari walichora kwa mkono. Richard Liebreich alitoa kitabu kizima cha michoro ya namna hiyo mwaka 1863, na inasemekana ni mizuri sana. Lakini mchoro una mkono wa mchoraji ndani yake. Daktari akiamini kwamba doa lipo, atalichora. Nani atambishia? Mgonjwa ameshaondoka.

Kamera ilikuwapo, ila mwanga ulikuwa haba na jicho halitulii. Mwaka 1886, huko Uingereza, W. T. Jackman na J. D. Webster walifaulu kupiga picha ya retina ya mtu aliye hai. Kamera waliifunga kwenye kichwa cha mtu, mwanga ulikuwa wa gesi, na mtu huyo alitakiwa kutulia dakika mbili na nusu. Jaribu wewe kukodoa jicho bila kupepesa kwa muda huo! Picha iliyotoka haikuwa na mengi, na katikati yake kulikuwa na mng'ao mkubwa wa taa, kwa sababu konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inarudisha mwanga kama kioo cha dirisha. Mng'ao huo ndio uliowasumbua wapiga picha wa jicho kwa miaka arobaini. Gerloff, mwaka 1891, aliweka maji mbele ya konea ili kuuua, na mishipa ikaanza kuonekana vizuri zaidi. Friedrich Dimmer wa Austria alijenga mtambo mkubwa wa peke yake, akafanya kazi hiyo miaka na miaka. Kitabu chake cha picha kilitoka 1927, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Karibu na wakati huo, 1926, kampuni ya Carl Zeiss ikaanza kuuza kamera ya Johan Nordenson, daktari wa Sweden. Hiyo ilihitaji nusu sekunde tu. Kutoka dakika mbili na nusu mpaka nusu sekunde: hapo ndipo kazi ya watu wachache ilipogeuka kuwa kazi ya hospitali.

Kipande tunachokipenda sana katika historia hii ni cha wanafunzi wawili. Harold Novotny na David Alvis walikuwa wanasomea udaktari Indiana, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakajiuliza: kuna rangi iitwayo fluoresini, ukiimulika kwa mwanga wa bluu inang'aa kijani. Je, tukiichoma kwenye mshipa wa mkono, si itafika jichoni na kamera itaona damu inavyopita? Nani achomwe kwanza? Wakarusha sarafu. Alvis akashindwa, akachomwa yeye. Rangi ilifika jichoni baada ya sekunde chache tu, na kwa mara ya kwanza picha ikaonyesha si mishipa peke yake bali mwendo wa damu ndani yake: wapi inapita, wapi imeziba, wapi inavuja. Walipeleka habari yao kwenye jarida la madaktari wa macho, likaikataa. Ikachapishwa 1961 kwenye jarida la mambo ya moyo na damu. Leo njia hiyo inatumika dunia nzima. Vijana wenzetu mnaoambiwa hamjui kitu, hiyo ni yenu.

Sasa turudi huku kwetu.

Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, ambayo watu wanaiita Queens tu, ina wodi ambayo kila msimu wa mvua hujaa watoto waliozimia kwa malaria. Miaka ya 1980 na 1990 watafiti kama Malcolm Molyneux na Terrie Taylor walifanya kazi hapo. Kanuni ya kusema mtoto ana malaria ya ubongo ilikuwa hivi: amepoteza fahamu, damu yake ina vimelea vya malaria, na hakuna sababu nyingine iliyopatikana. Inaonekana sawa. Lakini fikirini vizuri. Mahali kama hapa, mtoto anaweza kutembea na vimelea damuni na bado akacheza mpira. Mtoto wa namna hiyo akizimia kwa ugonjwa mwingine kabisa, kipimo cha damu kitasema malaria. Nacho hakidanganyi, malaria ipo kweli. Ila siyo iliyomwangusha.

Mwaka 1993 daktari wa macho Susan Lewallen na wenzake walitangaza walichokiona nyuma ya macho ya watoto wa Malawi wenye malaria ya ubongo. Retina zao zilikuwa na alama. Kulikuwa na madoa ya damu, mengi yakiwa na kitovu cheupe. Kulikuwa na sehemu zilizopauka kama zimemwagiwa maziwa. Na kulikuwa na mishipa iliyopoteza wekundu, ikawa ya rangi ya chungwa au nyeupe. Hizo mbili za mwisho ndizo za pekee. Madoa ya damu unaweza kuyapata kwenye magonjwa mengine, lakini weupe ule pamoja na mishipa ile ni malaria. Sababu yake inaeleweka: chembe za damu zilizoingiwa na vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kuiziba, na kimelea kinakula ule wekundu uliomo ndani ya chembe. Mshipa umejaa chembe zisizo na rangi.

Kilifi, pwani ya Kenya, kamera iliingia kazini. Mwaka 1997 Hero, Harding na wenzao, wakiwemo Norbert Peshu na Kevin Marsh, walitoa picha za retina za watoto wa Kenya wenye malaria kali, pamoja na picha za ile rangi ya Novotny na Alvis. Baadaye Nicholas Beare na timu yake walifanya hivyo Blantyre kwa watoto 34. Kwa 28 kati yao rangi ilionyesha damu haipiti sawasawa, na sehemu zilizopauka ndizo zilizokosa damu. Mnaona? Wanafunzi wawili na sarafu yao Indiana, halafu miaka hamsini baadaye mtoto wa Blantyre.

Msidhani ilikuwa kazi rahisi. Kamera kubwa ya retina imetengenezwa kwa mtu anayekaa kitini, anaweka kidevu mahali pake na kutazama anapoambiwa. Mtoto aliyezimia hawezi lolote kati ya hayo. Analazwa, kope zinafunguliwa na mtu, kichwa kinashikwa na mwingine. Tena lazima atiwe matone ya kupanua mboni, na mboni ikishapanuliwa, kwa saa kadhaa daktari wa wodi hawezi kuitumia kupima hali ya ubongo. Ndiyo maana madaktari wengi walisita.

Lakini jambo lililobadilisha fikra halikuwa picha peke yake. Kulikuwa na wazazi ambao mtoto wao amefariki, na wakakubali mwili upasuliwe ili ijulikane kilichomuua. Sisi tunaojua msiba unavyokuwa kwetu, tunajua hilo si jambo dogo. Mwaka 2004 Taylor na wenzake walitangaza matokeo ya watoto 31 waliofariki wakiwa wameandikiwa malaria ya ubongo. Saba kati yao, karibu robo, mishipa ya ubongo haikuwa na vimelea vilivyonata. Walikuwa wamekufa kwa mambo mengine: nimonia, ini, mshipa uliopasuka kichwani. Na wakati watoto hao walipokuwa hai, dalili moja tu ndiyo iliyowatenganisha na wengine. Alama za kwenye retina.

Tuliposoma hapo tulinyamaza. Tulimkumbuka yule mama. Hatujui mtoto wake alikuwa upande gani, wa wale 24 au wa wale saba, na hakuna atakayejua. Lakini swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Lilikuwa swali lile lile la Queens.

Baada ya hapo alama za retina zikawa kama kibali cha kuingia kwenye utafiti: mtoto mwenye alama ndiye anayehesabiwa kuwa na malaria ya ubongo kweli. Hospitali ilipopata mashine ya MRI mwaka 2008, watafiti waliwapima watoto 168 wa namna hiyo. Matokeo yakatoka 2015: kati ya 25 waliofariki, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Yaani kinachoua wengi ni ubongo kuvimba ndani ya fuvu na kukosa nafasi. Tuseme wazi, kulijua hilo bado hakujaleta dawa ya kulizuia. Ila sasa wanajua wanapigana na nini.

Na sisi huku vijijini na makambini? Zahanati zetu hazina kamera ya retina, tusidanganyane. Kuna mwanga kidogo kutoka Nakuru, Kenya, ambako Andrew Bastawrous na wenzake walizunguka na mitambo mizito ya macho mpaka mahali pasipo barabara wala umeme, kisha wakatengeneza kifaa kidogo cha kuvisha kwenye simu. Kati ya 2013 na 2014 walikijaribu kwa watu wazima, na waligundua mtu asiyesomea udaktari akifundishwa anaweza kupiga picha za nyuma ya jicho zinazosomeka. Hiyo ilikuwa kwa magonjwa mengine, siyo kwa watoto waliozimia. Lakini simu tunazo.

Wengine katika kundi letu waliuliza, je, ni haki picha za macho ya watoto wetu zikae kwenye majarida ya Ulaya? Tulibishana sana, na hatukumaliza. Upande mmoja ulisema tumechoka kuwa watu wa kupigwa picha tu. Upande mwingine ulisema retina haina sura, haina kabila wala namba ya kambi, na bila picha hizo kila daktari angebaki na neno lake.

Tuwape jambo la mwisho ambalo upande huo wa pili ulilitaja. Mtoto akipona, retina inajisafisha. Weupe unapotea, madoa ya damu yanafyonzwa, na ndani ya wiki chache hakuna alama. Watoto wa Blantyre walipopimwa baadaye, macho yao yalikuwa yanaona vizuri. Ukimchungulia mtoto huyo leo akikimbia na wenzake, nyuma ya jicho lake hutakuta kitu. Picha aliyopigwa akiwa amelala ndiyo pekee inayoonyesha alichopita.