Kisasili cha Milansi na Ujenzi wa Insha ya Uhakiki

Katika masimulizi ya Wafipa wa Mkoa wa Rukwa, kisasili cha Milansi ndicho kilichochambuliwa kwa kina zaidi, na historia ya uchambuzi huo inaonyesha namna insha ya uhakiki wa fasihi inavyojengwa. Kisasili ni hadithi ya kale inayoeleza chimbuko la watu, utawala au desturi. Hiki kinasimulia kwamba mtemi wa Milansi, ambayo leo ni Milanzi katika Manispaa ya Sumbawanga, alikuwa mawindoni wanawake wageni walipofika kutoka mbali na kuitwaa nchi. Aliporejea yakafanyika maafikiano, wageni hao, waasisi wa ukoo wa Watwa uliotawala dola za Nkansi na Lyangalile huko Ufipa, wakabaki na utawala, naye akabaki na Milansi pamoja na heshima ya mwenyeji wa kwanza.

Mwaka 1967 mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka hiyo ya 1960, alichapisha makala iliyokisoma kisasili hicho kwa msaada wa umuundo wa Claude Lévi-Strauss, yaani nadharia inayoitafuta maana ya hadithi katika uhusiano wa sehemu zake, hasa jozi za mambo yanayokinzana. Willis aliona kwamba upande mmoja wamo mwanamume, mwenyeji na utulivu, na upande wa pili wamo wanawake, wageni na mwendo. Kisha, na hapa ndipo ilipo nguvu ya kazi yake, akazihusisha jozi hizo na namna Wafipa wenyewe walivyoufikiri mwili wa binadamu, Milansi ikiwa kichwa na Watwa wakiwa kiuno. Kwa hiyo nadharia iliyotoka Ufaransa ilipimwa kwa fikra za wenye hadithi, jambo ambalo wahakiki wengi hulisahau. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alikwenda mbele zaidi, akakisoma kisasili hichohicho pamoja na historia ya kukua kwa dola za Ufipa.

Njia hiyo ya Willis ina funzo kwa insha za wanafunzi. Shuleni Tanzania uhakiki hugawanywa katika fani, yaani ufundi wa kusimulia, na maudhui, yaani mambo yanayosemwa. Mgawanyo huo unafaa, lakini insha inayoorodhesha wahusika, mandhari na dhamira, kila kimoja katika aya yake, bado haijahakiki kitu. Mwanafunzi anayedai kwamba kisasili cha Milansi kinahalalisha utawala wa wageni bila kumvunjia mwenyeji heshima ana hoja. Akionyesha kwamba kutokuwapo kwa mtemi nyumbani ndiko kunakoruhusu nchi ibadili mikono, ameifanya fani kuwa ushahidi wa maudhui. Na akieleza hali ya jamii iliyolihitaji simulizi hilo, ameipa hoja yake uzito. Walimu wa Kiswahili wa Rukwa wanafaa kuanzia hapo, kwa hadithi ambayo wazee wa wanafunzi wao wanaweza kuisimulia, kabla ya kuwapeleka kwenye riwaya na tamthilia za mtihani.