Sinia na Kibakuli: Mlo na Matembezi Katika Malezi ya Mtoto

Utamaduni wa taifa unapotajwa, wengi wetu hufikiria kwanza ngoma, mavazi, vinyago na mashairi. Hizo ni hazina zetu, wala hapana wa kuzibeza. Lakini yako mambo mengine, yasiyopigiwa vigelegele, ambayo kwayo mtoto hufundishwa utu kabla hajajua kusoma wala kuandika. Miongoni mwake ni mlo wa kila siku anaoula pamoja na jamaa zake, na matembezi anayochukuliwa na wazazi wake. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jinsi mlo huo ulivyokuwa shule ya haki, jinsi historia ilivyoutikisa, na jinsi ilivyobidi kuurekebisha ili mtoto asipate adabu njema huku tumbo lake likibaki tupu.

Desturi ya kula pamoja katika pwani yetu ni ya kale. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alieleza kwamba huko Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake zilikuwapo ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Huo ulikuwa mlo wa mgeni wa heshima, si wa kila nyumba. Hata hivyo umbo lake, yaani chombo kimoja na mikono mingi, ndilo lililodumu, hata pale sinia la madini liliposhika nafasi ya chano.

Mtoto aliyeanza kuketi mkekani alikuta mafunzo yamemngoja. Alinawa, akala kwa mkono wa kulia, akamega tonge la kiasi cha kinywa chake, tena akamega upande wa mbele yake tu. Kitoweo hakukigusa mpaka mkubwa amekigawa. Mpita njia aliposikika, alijifunza kusema “karibu” hata kama chakula kilikuwa kichache. Hakuna aliyemwandikia sheria hizo. Alizitazama zikitendwa, na alipokosea alikanywa kwa jicho. Hivyo mtoto alifahamu kwamba kilichomo siniani ni cha wote, na kwamba haraka ya mmoja ni njaa ya mwingine. Wahenga walijua walisemalo waliponena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Bara nako kulikuwa na shule ya namna hiyo. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka kulala kwa wazazi wao, wakaanzisha kijiji chao wenyewe cha rika moja. Chakula waliendelea kukipata kwa mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja: walikwenda kikundi kizima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kwa njia hiyo kila mama alilisha watoto wasio wake, na kila mtoto aliona kuwa kula peke yake ni aibu.

Matembezi yalikuwa mlo huo huo uliovuka kizingiti. Mtoto alipelekwa kwa bibi na babu, kwa shangazi na mjomba, akatambulishwa ukoo wake kwa njia ya salamu na chakula. Unguja, siku za Idi, watoto walivishwa nguo mpya, wakazunguka kwa jamaa kupewa mkono wa Idi, kisha wakachukuliwa viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako sarafu zao ziliishia kwenye visheti na ubuyu. Huko Makunduchi, katika sherehe za Mwaka Kogwa ziadhimishwazo mwezi Julai, familia hutoka pamoja kutazama mapigano ya migomba na kuchomwa kwa kibanda cha makuti, kisha hula pamoja. Na desturi yataka kila nyumba ipate mgeni wa kumkirimu. Mtoto aliyeona hayo hahitaji hotuba juu ya ukarimu.

Ukoloni uliutikisa mlo huu kwa namna isiyozungumzwa sana. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mashamba yake yakahitaji maelfu ya vibarua. Wanaume kutoka Songea, Kigoma na kwingineko walisafirishwa hadi Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Wengi waliwaacha wake na watoto nyumbani. Huko walipewa posho, neno ambalo siku hizi ni fedha za kujikimu, lakini wakati ule lilikuwa chakula kilichopimwa kwa kichwa cha mfanyakazi. Sinia halihesabu vichwa. Posho ndiyo kazi yake. Baba akala kwa kipimo cha bwana shamba, na mtoto wake akakua akilijua jina la babaye kuliko mkono wake.

Baada ya Uhuru, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962 ili kurudisha heshima ya mila zetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha kwamba kutokuwapo kwa madarasa zamani hakukuwa na maana ya kutokuwapo kwa elimu, kwani watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Lakini kuheshimu mila si kufumba macho. Katika nyumba nyingi wanaume walipelekewa vinono barazani, nao akina mama na watoto wakala uani kilichosalia. Tena mtoto wa miaka miwili ana mkono mzito na tumbo dogo: wenzake humaliza yeye akiwa na tonge la tatu, na milo miwili ya ugali kwa siku haimtoshi.

Ukweli huo ulikabiliwa waziwazi. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili lishe. Kuanzia mwaka 1983, katika mkoa wa Iringa, mpango wa lishe ulioungwa mkono na mashirika ya Umoja wa Mataifa ulifanya watoto wapimwe uzito vijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe. Ilidhihirika kwamba mama aliyeelemewa na kazi za shamba, maji na kuni hapati nafasi ya kumlisha mtoto mara nyingi ipasavyo. Wazazi walifundishwa kuongeza idadi ya milo, na kutumia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao huufanya uji mzito kuwa mwepesi ili mtoto apate chakula zaidi katika kila kijiko.

Wako waliohofu kwamba kumpa mtoto kibakuli chake ni kumfundisha uchoyo. Hofu hiyo haina msingi, mradi kibakuli kikae kando ya sinia. Mtoto akipakuliwa fungu lake mbele ya wote, huona kwamba mgawo wa haki humtazama kwanza aliye dhaifu. Na akiketi pamoja na wakubwa, huzipata adabu zilezile. Kinachoharibu malezi si kibakuli, bali ni mtoto kula peke yake, bila mtu wa kumwambia “karibu” wala wa kumwachia finyango.

Basi mwalimu na mwanafunzi wana kazi ya kufanya. Waulizwe wazee jinsi walivyokula walipokuwa wadogo, nani aligawa kitoweo, na nani alibaki na njaa. Majibu yao yaandikwe, kwa kuwa ni historia sawa na historia ya vita na watawala. Na kila mmoja arudipo nyumbani atazame mkono mdogo kuliko yote mkekani, ahakikishe kwamba nao umeshiba.