Pareto: Ua Lililoshindwa na Jua

Ingia agroveti yoyote ya Mugutha, karibu na Ruiru, uulize dawa ya wadudu wa sukuma wiki. Yaelekea utapewa chupa yenye kiambato ambacho jina lake linaishia na "thrin". Mwisho huo ni jina la ukoo. Umetokana na pareto, ua jeupe lenye kitovu cha njano linalolimwa kwenye nyanda za baridi kama Molo na Kinangop. Mugutha ni nchi ya kahawa, yenye joto kuliko pareto inavyopenda, lakini kahawa na pareto zilijuana zamani.

Wakulima wa kahawa wa Kenya walisumbuliwa na kunguni aitwaye antestia, anayefyonza matunda mabichi na kuharibu buni. Walimpulizia pareto. Hata kumhesabu walitumia dawa hiyohiyo: shuka lilitandazwa chini ya mti, dawa ikapulizwa juu, kunguni wakaporomoka na kuhesabiwa mmoja mmoja. Pareto hulevya mishipa ya fahamu ya mdudu ndani ya dakika chache tu. Lakini nguvu hiyo haikai. Jua likiiwakia, inakwisha.

Asili ya ua hili ni Dalmatia, pwani ya bahari ya Adria. Mbegu zake zilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Vita Vikuu vya Pili vilipokata biashara ya Japani, iliyokuwa ikiongoza kwa pareto duniani, majeshi yaliyopigana na mbu na chawa yaliitegemea Kenya. Baada ya uhuru, zao hilo lilikuwa mikononi mwa wakulima wadogo, wakichuma ua kwa ua, nalo liliwasomeshea watoto.

Wanakemia walitaka kujua ndani ya ua mna nini. Mwaka 1924, Hermann Staudinger na Leopold Ružička walichapisha utafiti walioufanya Zürich juu ya molekuli mbili za pareto. Waliivunja molekuli vipande, wakavitambua, kisha wakakisia ilivyoungana. Makosa machache yaliyobaki yalisahihishwa na wanakemia wa Marekani katika miaka ya 1940. Leo tunajua kwamba molekuli za aina hiyo ndani ya ua ni sita, zote za familia moja.

Mwaka 1932, Frederick Tattersfield wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alionyesha kuwa unga wa pareto ulioachwa kwenye hewa na mwanga hupoteza makali yake. Sababu yake inaelezwa na spektroskopia, elimu ya kupima jinsi molekuli inavyomeza mwanga. Kila molekuli ina sehemu yake ya mwanga inayoipokea, na pareto humeza urujuanimno, mwanga wa jua tusiouona kwa macho. Nishati hiyo hutikisa mahali ambapo kaboni zimeshikana kwa vifungo viwili. Oksijeni huingia hapo, na molekuli huvunjika.

Mwaka uleule wa 1924, utafiti wa Zürich ulipochapishwa, alizaliwa Michael Elliott, ambaye angekuja kuziba nyufa hizo za molekuli akiwa Rothamsted. Yeye na wenzake walibadilisha molekuli kipande kwa kipande. Upande mmoja waliondoa vikundi viwili vya kaboni wakaweka atomi mbili za klorini. Upande wa pili waliweka pete za kaboni zisizotikiswa upesi na mwanga. Mwaka 1973 walitangaza permethrini, molekuli ya ukoo wa pareto iliyoweza kukaa juani siku nyingi bila kuharibika. Ikaingia mashambani, na baadaye kwenye vyandarua, vikiwemo vya kiwanda cha A to Z cha Arusha. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wameepuka malaria wakilala ndani yake.

Kwa mkulima wa Kenya, ushindi huo ulikuwa na gharama. Dawa za viwandani zilikuwa rahisi na zilidumu. Malipo ya maua yakachelewa, wakulima wakang'oa mashina, na Tasmania ya Australia ikachukua nafasi ya Kenya sokoni.

Hata hivyo, udhaifu wa pareto ulikuwa pia wema wake. Kinachokaa juani siku nyingi hukaa pia kwenye jani na udongoni, na kikiingia mtoni huua samaki. Nyuki nao hawasalimiki. Soma tena kibandiko cha ile chupa ya Mugutha: kinataja siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna. Kwa kiasi kikubwa, siku hizo ni muda ambao maabara iliiongezea molekuli mbele ya jua. Kwa mboga itakayochumwa kesho na kuliwa jioni yake, dawa inayokufa na jua bado ni hazina, na udongo wa kuiotesha hauko mbali: uko kulekule Molo na Kinangop.