Kutumia feni nyumbani wakati wa joto kali: Kakuma na Kalobeyei

Mchana wa Kakuma hufika nyuzi joto 35 hadi 38 kwa siku nyingi za mwaka, na Februari na Machi huwa mbaya zaidi. Ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari joto hupita lile la nje. Ndiyo maana familia nyingi, za wakimbizi na za wenyeji, zikipata umeme kitu cha kwanza kununuliwa baada ya taa na chaja ya simu ni feni. Wengine huiita pangaboi, na Wakongomani na Warundi huiita vantilateri. Makala haya yanaeleza feni inasaidia wapi, inakoma wapi kusaidia, na jinsi ya kuitumia bila kuchoma nyumba.

Feni inavyofanya kazi

Feni haishushi joto la chumba. Inachofanya ni kusukuma hewa juu ya ngozi ili jasho likauke haraka, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haimsaidii yeyote. Inamaliza betri, na mota yake inaongeza joto kidogo. Izime ukitoka.

Ngozi ya binadamu ina joto la karibu nyuzi 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo wa feni unakupooza kwa njia mbili: unachukua joto moja kwa moja na unakausha jasho. Hewa ikipita hapo, upepo huo unaanza kukuletea joto, na kinachokuokoa ni jasho peke yake. Kuna kiwango ambacho jasho haliwezi tena kufidia. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike tu joto likiwa chini ya nyuzi 40. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walipendekeza viwango vya chini kidogo: nyuzi 39 kwa vijana wenye afya, 38 kwa wazee wenye afya, na 37 kwa wazee wanaotumia dawa zinazopunguza jasho.

Kwa Turkana jambo hili si la vitabuni tu. Hewa yetu ni kavu, na jasho hukauka lenyewe hata kabla ya feni kuwashwa. Mtu anaweza kukaa saa nzima mbele ya feni akidhani hatoi jasho, kumbe anapoteza maji mengi. Kunywa maji mara kwa mara hata kama huoni jasho.

Huna kipimajoto? Simu inaweza kukupa joto la nje, lakini kumbuka chini ya mabati ni zaidi. Kipimo kingine ni uso wako: ikiwa upepo wa feni unahisi kama umeinama juu ya jiko lenye makaa, feni hiyo haikusaidii tena kwa saa hizo. Toka ukae kivulini chini ya mti, au ulowanishe mwili.

Maji kidogo na feni

Kulowanisha ngozi ndiyo njia bora ya kuifanya feni ifae hata kwenye joto kubwa, kwa sababu maji yanafanya kazi ya jasho bila mwili kupoteza chake. Tunajua foleni ya bombani ilivyo, na hakuna anayekuambia uoge mara tano. Nusu kikombe kinatosha. Lowanisha kitambaa, pangusa shingo, uso, mikono na miguu, kisha kaa mbele ya feni. Ngozi ikikauka, rudia.

Unaweza pia kutundika leso iliyolowa kwenye dirisha ambako upepo unaingilia, na beseni chini yake la kukingia matone. Kwa hewa kavu kama ya hapa, upepo unaopita kwenye leso hiyo huingia ukiwa na ubaridi. Lakini mlango au dirisha la upande wa pili liwe wazi, la sivyo unyevu unabaki ndani na chumba kinakuwa kizito. Usiweke kamwe kitambaa chenye maji juu ya feni yenyewe, na usiguse feni, swichi au plagi ukiwa na mikono iliyolowa au umesimama peku kwenye sakafu yenye maji.

Mahali pa kuiweka

Wengi huweka feni katikati ya chumba kilichofungwa, na hapo inazungusha hewa ile ile ya moto. Mchana, jua likiwa kali, zuia kwanza joto lisiingie. Tundika turubai au shuka upande unaopigwa na jua, na ukae mbali na ukuta huo. Kama unaweza kuweka dari hata ya magunia au mikeka chini ya mabati, itakusaidia kuliko feni ya pili.

Baada ya jua kuzama mambo yanageuka. Hewa ya nje inapoa upesi, huku mabati na kuta za matofali zikiendelea kutoa joto ndani. Fungua pande mbili za nyumba. Upepo wa Turkana mara nyingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, basi weka feni ndani karibu na uwazi wa upande huo ili ivute hewa ya nje. Nyumba yenye uwazi mmoja tu, igeuze feni itazame nje kwa nusu saa ifukuze hewa ya moto, kisha ielekeze kwenu mlale. Usiku, mwendo mdogo unatosha na unatumia umeme kidogo.

Kama kuna jiko la makaa au kuni karibu, feni isielekee huko. Upepo hurusha cheche, na cheche ikifika kwenye turubai au makuti hakuna muda wa kutafuta maji. Wala usipike kwa makaa ndani ukitegemea feni kuondoa moshi. Hewa ya sumu ya makaa haionekani wala hainuki.

Umeme wa aina gani?

Feni ya kawaida ya meza au ya kusimama inatumia wati 40 hadi 60 hivi. Ya sola ya volti 12 inatumia wati 10 hadi 20. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye betri. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo una kama 42 za kutumia. Feni ya wati 12 itakwenda saa tatu na nusu, ya wati 50 haimalizi saa moja. Anayetaka feni usiku kucha anahitaji betri ya ampea-saa 20 au zaidi, na paneli ya kuijaza kila siku.

Usiunganishe feni ya volti 12 moja kwa moja kwenye paneli. Paneli ya kuchajia betri ya volti 12 inaweza kutoa volti 20 jua likiwa kali, na mota itaungua. Pitisha kwenye kontrola ya chaji. Feni kubwa kwenye inverta ya bei rahisi mara nyingi hunguruma na kupata joto. Ni afadhali kununua ya volti 12.

Kwa wanaolipia umeme wa jenereta, tatizo huwa ni volti kushuka jioni watu wote wakiwasha. Feni ikipungua kasi, taa zikififia, na mgongo wa mota ukawa wa moto kuguswa, chomoa usubiri.

Moto na shoti

Hatari inayojirudia zaidi ni waya. Nyaya mbili zilizosokotwa na kufungwa kwa mfuko wa nailoni, nyaya tupu zilizochomekwa kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti, ekstensheni moja inayobeba feni, televisheni, friji na simu sita. Kiungo kilicholegea hupata joto polepole, na nyumba zetu zimepakana: moto wa nyumba moja ni wa mtaa mzima. Mwite fundi wa stima akuwekee plagi. Ni gharama ndogo kuliko feni yenyewe. Waya usipite chini ya godoro, mkeka au mlango.

Plagi ikiwa moto, ukisikia harufu ya plastiki kuungua, au feni ikinguruma bila kuzunguka, zima na chomoa mara moja. Mota iliyokwama huku umeme unaingia hujichoma. Moto wa umeme usimwagiwe maji kabla ya kukata umeme. Tumia mchanga.

Feni ya darini inafaa tu panapo nafasi. Mapanga yawe juu ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na mti unaoibeba usiwe umeliwa na mchwa.

Watoto na neti

Wavu wa feni ukivunjika, usiendelee kuitumia kwa sababu tu inazunguka. Kidole cha mtoto wa miaka miwili kinapita mahali usipotarajia. Iweke juu ya kitu kizito kisichoyumba, na waya uwe nyuma ambako hauwezi kuvutwa.

Feni hupunguza mbu lakini haizuii malaria, na mvua zikija Turkana malaria hupanda. Laleni ndani ya neti, feni ikiwa nje yake, umbali ambao neti haiwezi kupeperushwa ikanaswa. Neti hupunguza upepo kiasi, basi sogeza feni upande wa miguu na uongeze mwendo kidogo. Kwa mtoto mchanga upepo upite karibu naye, usimpige usoni usiku kucha, na usimfunike kwa leso nzito.

Joto linapokuwa ugonjwa

Wazee, watoto wachanga, wajawazito na wagonjwa wa moyo au figo hulemewa mapema. Baadhi ya dawa za akili, za mzio na za presha zinazoongeza mkojo hupunguza uwezo wa mwili kujipooza. Usiziache, muulize mhudumu wa afya.

Mtu akichanganyikiwa, akiongea ovyo, akianguka au kupata degedege huku mwili wake ukiwa wa moto, hiyo ni dharura, awe anatoa jasho au hatoi. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea kwa feni au kwa kipande cha katoni, huku mwingine akitafuta usafiri kwenda kituo cha afya. Msingoje apate nafuu kwanza. Asiye na fahamu asipewe kinywaji.

Vumbi na matengenezo

Vumbi letu ndilo linaloua feni nyingi. Kila wiki mbili chomoa, fungua wavu, pangusa mapanga kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na mota kwa brashi kavu, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili. Feni inayohitaji kusukumwa kwa kidole ili ianze kwa kawaida ina kapasita iliyochoka. Fundi huibadilisha kwa bei nafuu, na afanye fundi, kwa sababu kapasita inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Ukinunua feni iliyotumika sokoni, iache iwake kwa dakika 20 mbele ya muuzaji, kisha guse mgongo wa mota. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, mrudishie.